Barua kwa wanangu mlioko mbali: hakuna msimu usio na chake

Asalaam aleikum, wanangu na wajukuu zangu,

Nawaandikia nyinyi mliotoka Pemba mkaenda kutafuta maisha, wengi wenu Dar es Salaam, wengine Muscat, wengine Uingereza. Karibu wote sasa mna watoto. Mkija likizo nawasikiliza mnavyozungumza barazani, na kuna neno moja linanikaa moyoni. Mnasema mtapumzika nyumba ikiisha, gari likipatikana, mtoto akimaliza shule. Nyumba itaisha, inshallah. Lakini mpaka iishe, masika yatakuwa yamekuja na kwenda mara nyingi, na watoto wenu watakuwa wamekua bila kujua mwembe huchanua lini.

Sisi tulilelewa na pepo za misimu. Kaskazi ikianza kuvuma, Novemba au Disemba, jua hukaza na maembe huiva, bolibo na dodo, mpaka watoto wanakataa chakula cha mchana. Ndio upepo uliozileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ndio uliozirudisha. Machi mpaka Mei ni masika. Kisha kipupwe, asubuhi unatafuta shuka ya mabegani, na manyunyu ya mchoo yanalainisha udongo. Oktoba tunaitazamia vuli. Hakuna msimu usio na chake, na mwenye kujua chake hangoji harusi wala Idi ndipo afurahi.

Chukueni asumini. Huchumwa alasiri, ua lingali limefumba. Ukiyaweka maua kwenye sahani juu ya kitambaa kibichi, Magharibi ikiadhiniwa yanaanza kufunguka, na chumba kizima kinanukia. Ukingoja kesho, utayakuta yameanguka chini, yamegeuka rangi. Mama yangu alikuwa akiyatunga kwa sindano na uzi huku anazungumza na jirani ng'ambo ya ua, hata hatazami mkono. Siku nyingine alifunga kikuba: asumini, mrehani, kipande cha mkadi, na waridi likipatikana. Alikivaa siku ya kawaida kabisa, siku ya muhogo na papa mkavu, kwa sababu mumewe anarudi shamba na watoto wanarudi chuoni kusoma Kurani. Nyinyi vikuba mnavinunua kwa ajili ya harusi za watu. Jifungieni na nyumbani kwenu, siku ya Jumanne, bila mgeni.

Msiniambie gorofani hakuna nafasi. Ndoo iliyopasuka mpini inatosha. Itoboeni chini, tieni udongo na samadi kidogo, iwekeni panapopata jua la asubuhi. Mrehani ndio wa kuanzia, hauna makuu. Ukianza kutoa shada la maua juu, likateni kwa kucha, nao utatoa matawi pembeni na kunenepa; mkiuacha ukaweka mbegu, unazeeka upesi. Maji ya kuoshea mchele msiyamwage, unayapenda. Januari na Februari jua halina huruma, mwagilieni asubuhi na jioni. Na kazi hiyo mpeni mtoto, iwe yake peke yake. Akisahau, msimfokee. Mchukueni mkono akauone ulivyolegea, amwagilie, kisha arudi baada ya saa moja autazame tena.

Karafuu ndiyo iliyowasomesha wengi wenu, na hilo mnalijua. Mlilosahau ni jinsi ilivyotukusanya. Tunachochuma ni ua ambalo halijafunguka. Likishapasuka, thamani imekwenda. Kwa hiyo msimu ukiingia hakuna kulala. Usiku familia nzima iko kwenye jamvi, taa katikati, tunachambua: karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule, na makonyo nayo hayatupwi, yanakwenda kiwandani Wawi kukamuliwa mafuta. Mchana zinaanikwa, zinatoka kijani chenye wekundu mpaka hudhurungi, na wingu likichungulia kila mtu anakimbia kuanua, hata bibi harusi. Katika kuchambua kule ndiko nilikosikia nasaba ya ukoo wetu, vitendawili, na nani aligombana na nani wakapatana. Hakuna aliyeniita akasema kaa chini nikufundishe. Vidole vilikuwa na kazi, ndimi zikafunguka.

Nyinyi hamna karafuu za kuchambua, lakini mna mchele wa kuchagua, mna mchicha, mna nazi ya kukuna. Kaeni chini na watoto mfanye pamoja, simu zikiwa chumba kingine. Baba naye akae. Mwanamume aliyekuna nazi na binti yake hupata kusikia mambo ambayo hangeyasikia kwa kuuliza maswali mezani.

Mwaka 1872 kimbunga kiliiangusha mikarafuu mingi mno ya Unguja. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa. Waliopanda upya walijua mche hukaa kama miaka saba kabla ya kutoa cha maana, na walio wazee walijua huenda wasiuone. Wakapanda. Kwa hiyo kila mtoto akizaliwa huko mliko, nileteeni jina lake, tumpandie mti shambani. Akija, aoneshwe ulipo, aukumbatie, apime nani amerefuka zaidi.

Mlioko Muscat, msikae mkilia kwamba huko ni joto na saruji tu. Mwezi wa Aprili pandeni milima ya Jabal Akhdar na watoto, mawaridi yanapochumwa na marashi yanapopikwa. Mlioko Uingereza, majani yakianza kupukutika tokeni nje mkayaokote na watoto. Kila nchi Mungu kaipa zamu zake. Jifunzeni za hapo mlipo, mkihifadhi na za huku.

Nina jambo jingine, na hili ni zito kidogo. Babu yenu alipofariki, eda yangu, siku za mjane kukaa na msiba, iliangukia masika. Manukato sikujitia, ndiyo sheria, lakini mwasumini haukujua msiba, ulitoa maua kuliko mwaka wowote. Nikawa nachuma alasiri, nawaita wasichana wa jirani, nawajaza viganja. Wanakwenda wanacheka, wamejipachika maua kwenye nywele. Siku ya kwanza niliwatazama nikaumia. Baada ya wiki kadhaa nikawa naingoja saa ile. Nawaambieni hili kwa sababu nanyi mtafiwa, mtafukuzwa kazi, mtaugua. Siku hizo msiache kumwagilia. Kama mkono hauna nguvu, mwagilieni kidogo, na mkichuma mpeni mwingine.

Na mkinipigia simu, msiniulize hali tu, maana nitajibu nzuri, na mazungumzo yatakwisha. Niulizeni mvua imefika wapi. Niulizeni mwembe wa nyuma umechanua au bado, shokishoki zimeiva, bahari ikoje. Hapo mtanisikia sauti inabadilika. Wazee wenu wote ni hivyo hivyo, jaribuni.

Vipandikizi vya asumini nitavikata masika yakianza. Kila anayetaka anitumie salamu kabla ya Machi, nimwekee vyake kwenye makopo, vipate kuota mizizi kabla ya kusafirishwa. Aliye Dar es Salaam atapelekewa na yeyote anayepanda meli. Akifika navyo, avipumzishe kivulini kwanza, asivianike juani siku hiyo hiyo.

Wasalaam,
Bibi yenu, Wete, Pemba