Lawino hakulalamikia poda peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaokichambua Wimbo wa Lawino, utenzi wa Okot p'Bitek, mshairi Mwacholi wa Uganda, uliotoka kwa Kiingereza mwaka 1966, kana kwamba ni ugomvi wa wake wenza tu, Lawino wa kijijini akizozana na Clementine wa poda na midomo myekundu.

Uchambuzi wa aina hiyo unaziruka sehemu ambazo kwangu mimi ndizo kiini chake. Katika siasa, Ocol, mume wa Lawino, ni kiongozi wa chama cha DP (Democratic Party) ilhali ndugu yake yumo katika chama cha Congress, na uhasama wao umefika mahali ambapo Ocol anamkataza mkewe hata kutaniana na shemeji yake, utani ambao desturi ya Waacholi inauruhusu. Lawino, ambaye mumewe humdharau kwa kutosoma, ndiye anayeuliza umoja ulioletwa na Uhuru uko wapi. Swali hilo lilichapishwa miaka minne tu baada ya Uganda kupata uhuru mwaka 1962! Sijui mwanasiasa wetu yeyote aliyeliuliza kwa uchungu kama huo.

Ipo pia saa kubwa ya Ocol, ambayo Lawino hawezi kuisoma. Kwa Lawino, mtoto hunyonyeshwa anapolia, si saa inaposema, basi.

Nawaomba walimu wa fasihi, hasa sasa Kiswahili kinapopanuka shuleni mwetu, wawasomeshe vijana sehemu ya vyama kwanza, kisha ndipo wafike kwa Clementine.

Msomaji wenu,
Gulu