Nani alishika tepu upande wa pili?

Manyatta, Kisumu

Ndugu yangu Kiprono,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Hatujambo sote, ila mvua imetukataa na vumbi la Kondele sasa linaingia hadi kwenye sufuria. Ujumbe wako ulinifikia. Eti Chebet amefunzwa kwamba jua liko umbali wa kilomita milioni 150, na sasa anataka kujua ni nani aliyeshika ile tepu upande wa pili! Nilicheka peke yangu mpaka wenzangu ofisini wakanigeukia. Lakini hilo ni swali la mpima ardhi kabisa, na wewe wajua hiyo ndiyo kazi inayonilisha, kwa hivyo barua ikirefuka usinilaumu.

Mwambie hivi kwanza. Mto Nyando ukifurika hatuvuki na tepu. Tunaweka bikoni mbili, yaani nguzo za alama, upande wetu, tunapima nafasi iliyo kati yake kwa makini, kisha kutoka kila bikoni tunalenga mti mmoja ulio ng'ambo na kusoma pembe. Ukiwa na pembe mbili na hiyo nafasi kati ya bikoni, hesabu inakupa umbali wa mti na hakuna aliyelowa. Akikataa, anyooshe mkono, ainue kidole gumba mbele ya mnara wa simu, afumbe jicho moja, halafu la pili. Kidole kitaruka. Macho yake ndiyo bikoni zenyewe.

Shida ya jua ni kwamba liko mbali mno, na kila bikoni duniani zinakaribiana mno. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita Mgiriki Aristarchus alijaribu kwa kutumia mwezi ulio nusu. Akapata kwamba jua liko mbali kuliko mwezi kama mara 19. Ukweli ni karibu mara 390. Mbinu yake haikuwa na kasoro. Iliyomponza ni pembe kati ya mwezi na jua. Aliichukua kuwa nyuzi 87, kumbe inakaribia 90 kabisa, na hapo sehemu ndogo tu ya nyuzi inakula kila kitu. Nimeshaona mpaka wa shamba ukihama kwa kosa dogo kuliko hilo.

Aliyenishangaza mimi ni Kepler, Mjerumani aliyechunguza sayari. Mwaka 1619 alionyesha kwamba muda wa sayari kulizunguka jua umefungamana na umbali wake kutoka jua. Zuhura huzunguka kwa siku 225, sisi 365, basi Zuhura lazima iwe kwenye asilimia 72 ya umbali wetu. Sayari zote zikapangika hivyo. Yaani walikuwa na ramani nzima ya jua na sayari zake, imechorwa sawasawa, ila haina skeli! Hukuweza kusema kama sentimita moja ni kilomita milioni au milioni kumi. Lakini ukipata umbali mmoja tu, wowote ule, umezipata zote.

Mwaka 1672 mtazama nyota Cassini alibaki Paris, mwenzake Richer akapelekwa Cayenne huko Amerika Kusini, wakailenga Mirihi kutoka pande zote mbili. Wakapata jua liko kama kilomita milioni 140. Si haba, ila bado pembe ilikuwa ndogo mno kuiamini.

Ndipo Mwingereza Halley, yule wa nyotamkia, alipoandika mwaka 1716 kwamba tuache kuhangaika na pembe, tutumie saa. Mara chache sana Zuhura hupita kati yetu na jua, ikaonekana doa jeusi linalokata uso wa jua kwa saa sita hivi. Aliye kaskazini na aliye kusini huliona likipita kwenye mistari tofauti kidogo, mmoja mrefu na mwingine mfupi. Kila mmoja ahesabu dakika, kisha walinganishe. Halley alikuwa na miaka karibu 60 na mpito uliofuata ulikuwa 1761. Alijua hatauona, akawaachia vijana kazi.

Na vijana walitoka, ndugu! Waingereza Mason na Dixon walipangiwa Sumatra, meli yao ikashambuliwa na Wafaransa, wakaishia kupima wakiwa Rasi ya Tumaini Jema, huku huku Afrika. Mwaka 1769 baharia Mwingereza Cook alipima akiwa Tahiti, na huyo ndiye anayetajwa kila mahali. Mimi ninayemkumbuka ni Mfaransa Le Gentil. Aliondoka kwao 1760 kuelekea Pondicherry, India. Kabla hajafika, Waingereza wakauteka mji. Siku ya mpito ikamkuta baharini, anga safi, na meli inayumba kiasi kwamba hakuna kipimo cha maana angeweza kuchukua. Mpito mwingine ulikuwa baada ya miaka minane. Unadhani alirudi nyumbani? Alikaa akichora ramani za pwani ya Madagaska, akaenda Manila, mwishowe akafika Pondicherry na kujenga kituo chake. Asubuhi yenyewe, Juni 1769, wingu likafunika jua mpaka mpito ukaisha, kisha likaondoka. Alipofika Ufaransa 1771 akakuta ameandikwa marehemu, jamaa wanagawana mali, na kiti chake kwenye Akademia ya Sayansi amepewa mwingine. Kiti alikuja kukirudishiwa.

Hata waliofaulu walisumbuka. Zuhura ikigusa ukingo wa jua, doa huonekana kunata hapo, na watu wawili wenye darubini bega kwa bega hawakubaliani ni sekunde gani limebanduka. Pamoja na hayo, mwaka 1771 Mfaransa Lalande alipokusanya hesabu zote alipata kilomita milioni 153. Kwa mbao, saa za mishale na meli za tanga, mimi naipigia saluti kazi hiyo.

Mpito wa mwisho ulikuwa tarehe 6 Juni 2012, na huku jua lilichomoza juu ya milima ya Nandi likiwa tayari na doa lake. Nililitazama kwa kioo cheusi cha mchomeleaji mmoja wa Kibuye. Dogo, jeusi ti, kwenye ukingo. Kabla ya saa mbili lilikuwa limetoka. Mwingine ni Desemba 2117, kwa hivyo tusipangie.

Skeli yenyewe ilikuja kushikwa mwaka 1961. Wamarekani walirusha mawimbi ya rada kutoka Goldstone, California, yakaigonga Zuhura na kurudi baada ya dakika kadhaa. Mwendo wa mawimbi unajulikana, basi zidisha na ugawanye kwa mbili. Leo kipimo cha umbali wetu na jua ni mita 149,597,870,700, na kiliwekwa rasmi mwaka uleule wa 2012. Mpaka Parker, chombo kilicholifikia jua karibu kuliko vyote, kilipita kwanza kwa Zuhura mara saba kujipunguzia mwendo ili kidondokee ndani zaidi. Tarehe 24 Desemba 2024 kilikuwa kilomita milioni 6.1 tu kutoka kwenye uso wa jua. Kwa hivyo jibu la Chebet ni hilo: tepu ilishikwa Zuhura.

Kuna jambo moja la kupanga. Tarehe 13 Novemba 2032, Jumamosi, Utaridi nayo itapita mbele ya jua, na kwetu itakuwa mchana peupe. Ni ndogo, kioo cha mchomeleaji hakitoshi. Inataka darubini, na picha ya jua tuiangushe kwenye karatasi nyeupe, mtu asithubutu kuweka jicho. Darubini nitaitafuta mimi. Wewe lete Chebet na saa nzuri, naye ndiye atakayeandika dakika.

Msalimie sana Mama Chebet, na zile viazi za Molo alizoniahidi bado nazisubiri.

Wako,
Otieno