Usafi wa Waingereza uliandikiwa notisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu ndugu yetu aliyeandika wiki iliyopita kwamba Mwingereza "kazaliwa msafi" na wengine hatuna la kufanya ila kusubiri vizazi. Sina ugomvi naye. Ila mimi nimeingia vyooni mwa Waingereza kikazi, daftari mkononi na tochi mfukoni, kuanzia 1958 hadi 1960, na niliyoyaona siyo anayoyasimulia.

Nilikuwa kijana, nimepelekwa kujifunza ubwana afya katika manispaa moja ya viwanda vya pamba, Lancashire. Mji wenyewe sitautaja, maana wajukuu wa wale tuliowaandikia notisi bado wapo. Nilipanga kwa mama mmoja mjane aliyeanza kazi ya kufuma angali mtoto. Nyumba ilikuwa ya matofali, moja katika safu ya nyumba zilizoshikana mtaa mzima, vyumba viwili chini na viwili juu. Bafu halikuwamo. Ijumaa jioni alikuwa akiangua karai kubwa la bati lililotundikwa ukutani uani, analijaza maji ya birika mbele ya moto wa makaa, nami najua wakati umefika wa kwenda kutembea, mvua inyeshe isinyeshe. Mimi nilikwenda kuoga kwenye bafu za manispaa. Kwa peni chache unapewa maji ya moto, taulo na kipande cha sabuni, na mhudumu wa kukugongea mlango muda wako ukiisha. Na huyo mama hakuwa fukara wa kupindukia. Sensa ya 1951 ilikuta zaidi ya theluthi moja ya kaya za England na Wales hazina bafu la kudumu nyumbani.

Choo kilikuwa mwisho wa ua, nacho nilikiogopa kuliko mtihani. Hakikuwa na mnyororo wa kuvuta. Maji aliyooshea vyombo mama jikoni yalipita chini ya ua yakajikusanya kwenye chombo kilichoning'inia juu ya mhimili, huko chini ya ardhi. Kikijaa, kinapinduka chenyewe, maji yanaporomoka kwa kishindo na kuusukuma uchafu hadi kwenye mfereji wa majitaka. Tundu lenyewe ni refu kwenda chini na giza tupu. Umekaa umetulia, mama kamwaga maji ya viazi, mara ardhi inanguruma chini yako. Watoto wengine walikataa kabisa kwenda peke yao. Vyoo hivyo vilibuniwa huko huko Lancashire karne ya 19 ili kubana matumizi ya maji, na miaka ya 1950 ikiyoyoma bado vilikuwa vinanguruma. Wenye vyoo vya kuvuta nao walikuwa na mashaka yao: baridi ikizidi, iliwabidi waache taa ndogo ya mafuta inawaka chooni usiku kucha ili bomba lisigande. Karatasi ilikuwa gazeti la jana, limekatwa vipande na kutungikwa msumarini. Usikasirike, Mhariri.

Mama huyo alistaajabu kuniona naelekea uani na kopo la maji kila siku. Wiki ya tatu akashindwa kuvumilia, akaniuliza kama kuna mche ninaomwagilia.

Sasa nije kwenye kazi. Mkaguzi niliyefuatana naye alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja tuliitwa kwenye nyumba ambayo sakafu ya stoo ya chini ilikuwa haikauki, na harufu yake haisemeki. Mwenye nyumba alikuwa ameshatoa hukumu: wapangaji ni wachafu. Mkaguzi hakubishana naye. Alitoa mfukoni unga wa rangi, akaukoroga kwenye ndoo hadi maji yakawa kijani kinachong'aa, akayamwaga kwenye choo cha nyumba ya jirani, kisha akavuta kiko. Haikupita nusu saa kijani kikachomoza kwenye ufa wa sakafu ile. Bomba la majitaka lilikuwa limepasuka chini ya nyumba zote mbili, zote za bwana yule yule. Alitazama, akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Kilichofuata ndicho ninachotaka ndugu yetu akifahamu. Kwanza alipelekewa barua ya adabu. Hakujibu. Akapelekewa notisi chini ya Sheria ya Afya ya Umma ya 1936, imeandikwa kazi ya kufanya na siku alizopewa. Angezipitisha siku hizo, angesimama mbele ya hakimu. Alichimba bomba siku ya mwisho kabisa. Nisimwonee: kodi za nyumba kama zile zilikuwa zimebanwa na sheria kwa miaka mingi, na alichokuwa akipokea kwa wiki kisingemtosha hata kuziba paa. Lakini bomba alilichimba.

Ya machinjioni nitayapita, ingawa ndiko nilikojifunza kupasua matezi ya ng'ombe kutafuta kifua kikuu. Ya moshi siwezi kuyapita. Kila nyumba ilikuwa na moto wa makaa ya mawe na kila kiwanda na dohani lake, na Jumatatu, siku ya kufua, nguo nyeupe zilianuliwa zina madoadoa ya masizi. Desemba 1952 ukungu wa moshi uliifunika London siku 5 na kuua watu wapatao 4,000 kwa hesabu ya wakati ule. Ndipo ikaja Sheria ya Hewa Safi ya 1956. Sisi tulipewa kadi yenye vivuli vya kupimia weusi. Unasimama barabarani, unainua kadi, unalinganisha na moshi unaotoka kwenye dohani la kiwanda. Ukifikia kivuli namba 2 basi huo kisheria ni moshi mweusi, nawe unaanza kuhesabu dakika kwenye saa yako. Wafanyakazi walipokuwa wakitoka zamu walinidhania mpiga picha aliyepoteza kamera.

Lakini kilichonishangaza kuliko choo na kuliko moshi ni kijitabu. Kila manispaa ilikuwa na Mganga Mkuu wake wa afya ya jamii, cheo kilichoanzia Liverpool mwaka 1847 kwa Dakta William Henry Duncan, na kila mwaka Mganga huyo alitoa ripoti ya chapa iliyoelekezwa kwa Meya na madiwani. Humo ziliwekwa aibu zote za mji: watoto wangapi wamekufa kabla ya kutimiza mwaka, nyumba ngapi bado zinatumia choo cha ndoo, wagonjwa wapya wa kifua kikuu ni wangapi, panya wameonekana wapi, hata uzito wa makopo ya nyama na matunda yaliyotupwa. Gazeti la mji likayachapa. Ilipofika zamu ya kuhesabu nyumba zisizofaa kukaliwa na binadamu, mwaka 1955, Liverpool ilitaja zaidi ya 80,000 na Manchester zaidi ya 60,000, yaani karibu theluthi moja ya nyumba zake zote. Hizo ni hesabu zao wenyewe. Hakuna adui aliyewasingizia.

Nilimuuliza mkaguzi wangu kwa nini Mganga haogopi, ilhali baadhi ya wale madiwani wana nyumba za kupangisha. Akanijibu kwamba hawawezi kumfukuza bila ridhaa ya Waziri. Nililiandika jibu lile kwenye daftari na kulipigia mstari.

Ripoti hizo ziliandika na habari njema, tena kwa maneno machache mno. Dondakoo, ambayo kabla ya chanjo kuenezwa mwaka 1940 iliua zaidi ya watoto 2,000 kwa mwaka England na Wales, miaka yangu ilipewa mstari mmoja tu: hakuna mgonjwa. Cheo chenyewe cha Mganga yule kilifutwa mwaka 1974, huduma za afya zilipopangwa upya. Mimi naona walikosea, ila hilo ni la barua nyingine.

Kwa hiyo ndugu yetu asiseme walizaliwa wasafi. Mama mwenye nyumba wangu alipata bafu akiwa na miaka 61. Sheria ya 1959 ilimpa mwenye nyumba haki ya kudai nusu ya gharama za vitu vitano: bafu, beseni la kunawia, maji ya moto, choo cha kuvuta na mahali pa kuhifadhia chakula, msaada wote usizidi pauni 155. Nyumba ile ilikuwa mali yake, kainunua kidogo kidogo na marehemu mumewe. Alijaza fomu kwenye meza ya jikoni, mimi nikimsomea maswali. Mafundi walipokuja kupima wakasema bafu linataka chumba cha juu, na juu kulikuwa na viwili tu.

Walichukua changu. Nilihamia mtaa wa pili, kwenye nyumba yenye choo cha kunguruma.

Bwana afya mstaafu
(Jina na anwani yangu unavyo, Mhariri)