Kukanyaga mafuta si njia ya kuvuka maji ya mafuriko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nipinge ushauri ambao madereva hupeana kila inaponyesha mvua kubwa, kwamba ukifika penye maji mengi ukanyage mafuta kwa nguvu ili upite kabla injini haijazima. Ushauri huo ndio unaozima injini. Gari likiyavamia maji kwa kasi, maji huruka hadi kwenye njia ya kuvutia hewa, ambayo katika magari mengi madogo iko chini kuliko wenye magari wanavyodhani. Yakiingia kwenye silinda, pistoni haiwezi kuyabana kama inavyobana hewa, na konrodi, yaani mkono wa chuma unaoishika pistoni, hupinda au kuvunjika papo hapo. Kwa sababu hiyo gari lililozimika majini halifai kupigwa starta tena, hata kama walio nyuma wanapiga honi.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, si ya injini. Maji ya kina cha sentimita 30 yanaweza kulifanya gari dogo lielee, na yale ya sentimita 60 yanayokwenda kasi husomba magari mengi, yakiwamo yale yaliyoinuka juu ya ardhi ambayo wenyewe huyaamini kupita kiasi, kwa kuwa kila mita ya ujazo ya maji inayosukumwa kando na gari hulipunguzia uzito wa takriban kilo 1,000, na tairi lisilokandamiza ardhi haliwezi kushika barabara. Maji yakiwa yanatembea, au yakiwa yameifunika barabara hata hujui kama bado ipo, geuza gari.

Yakiwa yametulia, na ikajulikana kwa hakika kwamba hayafiki kwenye milango, dereva asubiri gari lililotangulia litoke, kisha aingie taratibu kwa gia ya kwanza, apite katikati ambako kwa kawaida barabara imeinuka kidogo, na ashike mwendo mmoja wa mtu anayetembea kwa haraka, bila kuachia mafuta wala kubadili gia. Akishatoka, akanyage breki kidogo kidogo huku gari likienda, maana breki zilizolowa hazishiki vizuri. Na kama maji yalipita juu ya ekseli, fundi akague mafuta ya injini, ya giaboksi na ya difu (gia za kwenye ekseli zinazozungusha magurudumu). Yakionekana meupe kama maziwa, maji yameshaingia na gari lisiwashwe mpaka yamwagwe na kuwekwa mengine.

Wako,
Msomaji na dereva