Kwa vijana wa Kolo mnaosubiri gari za watalii pale barabarani

Asalaam aleikum wajukuu zangu, na wa kanisani Bwana asifiwe.

Juzi nimetoka Dodoma nikashuka hapo kununua maji, ikaja Land Cruiser moja na wazungu wawili, mkaikimbilia vijana tisa, mmoja akapata kazi ya kuwapeleka kwenye michoro ya kale ya miambani, nane mkarudi kwenye drafti. Saa nne asubuhi siku imeisha.

Siutukani utalii mie. Michoro ile Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alikuja kuinakili 1951 mimi hata sijazaliwa, Unesco wakaiweka kwenye urithi wa dunia 2006, na wazee wetu bado wanapanda Mungomi, penye michoro hiyo, kuomba mvua. Ni mali ile. Ila utalii unayumba: 2019 nchi ilipata watalii kama milioni 1.5, mwaka uliofuata corona ikawashusha mpaka laki sita na kidogo, mjukuu wangu aliyekuwa mpagazi Kilimanjaro akarudi na begi na buti, buti tukaziuza tukanunua mahindi.

Ndo maana nataka muwe na ubunifu pia, ila mkisikia neno hilo mnadhani ni mambo ya Zanzibar na ile Silicon Zanzibar yao ya 2022, mpango wa kuvuta kampuni za teknolojia. Jamani! 1979 serikali ilipoondoa mifugo huku kwetu kwenye makorongo, ule mradi wa HADO wa kuhifadhi ardhi Dodoma, tulilia kweli, ng'ombe ndo benki ndo mahari. Nyasi zikarudi, miti ikarudi, na baadae watu wakajifunza kufuga ng'ombe wa maziwa bandani, unamkatia majani unamletea, samadi unairudisha shamba. Hakuna aliyekuja na kompyuta.

Na yule mwenzenu, simtaji, ile mashine yake ya kupukuchua alizeti nimeiona kwa macho yangu. Pipa la mafuta, ndani kachomelea vipande vya nondo, chini bati limetobolewa kwa msumari, injini ya bodaboda iliyokufa inazungusha mkanda. Inavuja pembeni, kaziba na gunia. Lakini inafanya kazi! Ikafika Juni, watu wanavuna, yeye kaiacha inaota kutu kaja kusubiri wageni na nyie.

Changeni elfu kumi kumi za tipu mumnunulie mkanda mpya. Mpelekeni SIDO Dodoma, lile shirika la viwanda vidogo, na mashine yake, lami ipo mnaenda asubuhi jioni mko nyumbani. UDOM, chuo kikuu cha Dodoma, kuna watoto wanahangaika kutafuta mradi wa kumalizia chuo, waiteni waje wapime inatoa gunia ngapi kwa saa. Na kabla hamjaionesha kila mtu ulizeni BRELA, wale wa kusajili biashara, habari za hataza, yaani haki ya mtu juu ya alichobuni, manake mimi niliwahi kutengeneza mzinga wa nyuki wa aina yangu, fundi mmoja wa mjini akaupima kwa kamba akisema anaushangaa tu, mwaka uliofuata anauza.

Halafu hao wageni mnawauliza tipu tu, kazi zao hamuwaulizi. Mwaka jana alikuja mmoja injinia wa pampu za maji, kalala hapa siku mbili, kisima kimekufa hatua mia kutoka alipolala, hakuna aliyemwambia neno. Nilipokuja kujua alikuwa keshaondoka, imeniuma mpaka leo.

Jumamosi nakuja. Naomba niikute hiyo mashine nje, imefungwa mkanda, nina gunia nne za vichwa vya alizeti hazijapigwa na mgongo wangu hautaki tena fimbo.

Babu yenu, Kondoa