Risala ya klabu ya wanafunzi wa uuguzi kwa mgeni rasmi: bakteria nyemelezi wodini

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, habari za mchana. Kwanza ahsante sana kwa kukubali kuja, tunajua una mambo mengi na bado umekaa mpaka igizo limeisha bila kuangalia saa. Sisi ni klabu ya kuzuia maambukizi hapa chuoni. Tumeambiwa risala iwe fupi, tutajitahidi, na kama kuna anayekula tunaomba atuvumilie maana usaha utatajwa.

Mheshimiwa, mtu analazwa kwa mguu uliovunjika, oparesheni inaenda vizuri kabisa, siku kadhaa baadae anapandisha homa na kutetemeka, na huo ugonjwa hakuja nao. Ndugu wanaanza kunong'ona, mara karogwa, mara daktari kazembea. Kumbe mara nyingi ni bakteria nyemelezi, yaani wale wanaokaa kimya mpaka mwili ukose ulinzi ndo wanashambulia. Watu wengi wakisikia nyemelezi wanafikiria UKIMWI tu, ila huyu hachagui, anachotaka ni upenyo. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2022 lilisema katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 15 kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati wanapata angalau ambukizo moja humohumo hospitalini, nchi tajiri ni 7, na kati ya hao walioambukizwa mmoja katika kila 10 anafariki. Sasa hapo utasema ni jambo dogo?

Wanatoka wapi? Kikulacho ki nguoni mwako. Karibu theluthi moja ya watu wamembeba bakteria anayeitwa Staphylococcus aureus puani na wanadunda tu, inawezekana hata hapa meza kuu yupo, bila kumkosea mtu heshima. Ndugu yake epidermidis yuko kwenye ngozi ya kila mmoja wetu. Klebsiella na E. coli wanaishi tumboni. Wengine ndo wa mazingira, Pseudomonas anapenda majimaji, utamkuta kwenye sinki na bomba, na Acinetobacter anaweza kukaa kwenye chuma kikavu cha kitanda wiki kadhaa akisubiri. Mtu mwenye afya njema hawamsumbui kwa sababu ngozi imeziba, makohozi yanapanda na kutoka, na seli nyeupe za damu ziko kazini.

Shida ni kwamba sisi wahudumu wenyewe ndo tunafungua mlango, tena kwa nia njema. Tuchukue mpira wa mkojo maana huo kila mtu ameuona. Kawaida mkojo ukitoka unasafisha njia, bakteria aliyepanda anasombwa. Ukishaweka mpira, njia imebaki wazi muda wote, na mkojo hauishi wote kwenye kibofu, kuna kidogo unabaki chini, basi bakteria wanapanda taratibu kwa nje ya mpira au kwa ndani kutokea kwenye mfuko, wakifika wananata na kutengeneza utando unaoteleza, na ndani ya huo utando wanajificha wamepoa hata dawa haiwapati vizuri. Ndo maana unaona mgonjwa anachoma antibaiotiki homa inashuka, dozi ikiisha homa imerudi, hakuna aliyekumbuka kutoa mpira wenyewe. Kila siku mpira unapokaa, uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo unaongezeka kwa kama asilimia 3 hadi 7, halafu wodini unakuta mfuko umelazwa sakafuni, au mgonjwa anapelekwa eksirei na mfuko kawekewa tumboni, juu ya kibofu, mkojo unarudi ndani na kila kilichokuwa kwenye mfuko. Hii tumeiona kwa macho yetu mazoezini na hatutaji ni wapi.

Kanula, ule mrija mdogo wa dripu, na mashine ya kupumulia ni hadithi hiyohiyo, mmoja anapitia kwenye mshipa mwingine kwenye koo anashuka mapafuni. Aliyeungua moto hana ngozi, hapo Pseudomonas anajisevia, ukifungua bandeji unakuta ukijani na harufu tamutamu ambayo ukishainusa hutaisahau. Na mgonjwa wa saratani aliyetoka kupewa dawa, seli zake nyeupe zimeshuka mno, yeye hata bakteria wa tumboni kwake mwenyewe wanaweza kuvuka wakaingia kwenye damu.

Halafu kuna antibaiotiki zenyewe. Ukimpa mtu dawa kali bila sababu unaua wale bakteria wazuri wa tumboni, anabaki Clostridioides difficile anajimwaga, mgonjwa anaharisha vibaya mno. Huyu anatengeneza vijimbegu ambavyo sanitaiza haiviui, lazima sabuni na maji yanayotiririka, jambo ambalo hata baadhi ya wakubwa zetu kazini wanalibishia. Na usugu sio habari ya jana, mwaka 1961 Uingereza walisharipoti Staphylococcus asiyesikia methisilini, dawa iliyokuwa bado mpya kabisa. Hao sugu wanazaliana zaidi hospitalini kwa sababu ndiko dawa ziliko nyingi, na gari lao kubwa ni mikono yetu. Glovu tunazipenda ila mtu anavaa jozi moja anazunguka nayo vitanda vitatu, anashika simu, anarudi kwenye kidonda. Hapo anajilinda yeye, mgonjwa hajalindwa hata kidogo.

Klabu yetu tunafundishana kunawa hatua kwa hatua, tunawafuata wenzetu wodini kuwakumbusha, wengine wananuna, tumezoea.

Mheshimiwa, tuje kwenye maombi. Hatuombi fulana. Tunaomba utusaidie kusukuma sanitaiza iwekwe mguuni pa kila kitanda, kwa sababu ikiwa mlangoni tu nesi mwenye wagonjwa wengi hawezi kukimbilia huko kila mara, ni uongo tukisema atafanya. Tunaomba sinki zenye bomba la kufungua kwa kiwiko, na sinki ya kunawia isiwe ndo hiyohiyo ya kumwagia uchafu wa wodi. Maabara ipate vifaa vya kuotesha vimelea, daktari ajue anapigana na nani badala ya kubahatisha dawa. Na moja lisilohitaji hela kabisa: kila asubuhi wakati wa raundi, kwa kila mgonjwa, mtu aulize kwa sauti mpira huu na kanula hii bado vina kazi? Kama havina, vitolewe hapohapo, wala isiwe eti mpaka kesho.

Tunaomba kuwasilisha, na karibu sana mheshimiwa uongee nasi.