Wapemba wa Pwani hawakusamehewa

Mhariri,

Kwa miaka nimekuwa nikisoma gazeti hili na kunyamaza, lakini taarifa yenu ya juzi kuhusu Wapemba wa Kwale na Kilifi, yaani watu wenye asili ya kisiwa cha Pemba, Zanzibar, imenishinda. Mwandishi wenu anasema mwaka 2023, ilipowatambua Wapemba kuwa jamii ya Kenya, serikali "iliwasamehe wahamiaji." Iliwasamehe kosa gani?

Hadi 1963 bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa ikipepea juu ya Ngome ya Yesu, Mombasa. Ukanda wa Pwani wa maili kumi ulikuwa milki yake, Mwingereza akiutawala kwa mkataba wa 1895. Ndiyo maana mwaka 1920 bara ikafanywa Koloni na Pwani ikabaki Himaya, yaani nchi ya Sultani chini ya ulinzi wa Mwingereza. Mvuvi wa Wete, Pemba, aliyekuja dago, yaani kambi ya wavuvi, huko Vanga, Kwale, akaoa alikuwa bado katika nchi ya Sultani yule yule. Kisha Oktoba 1963 ikakubaliwa ukanda ukabidhiwe Kenya siku ya uhuru, na katiba ya uhuru ikaja na sharti lake: aliyezaliwa Kenya awe raia Desemba 12, mradi mzazi wake mmoja naye awe amezaliwa Kenya. Aliyekosa mzazi huyo alipewa miaka miwili akajiandikishe. Nani aliyeshuka dago kumwambia mvuvi kwamba siku zinakwisha? Sheria yetu wenyewe ya uraia ya 2011 ikarudia mtindo huo huo, miaka mitano ya kujiandikisha, halafu nyongeza ya mitatu, halafu mlango ukafungwa.

Mtoto wa dada yangu alipotimiza miaka 18 alikwenda kuomba kitambulisho. Akaambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha babu yake. Tukakitoa sandukuni, cha Wete, cha 1938, kimekunjwa hadi mikunjo imetoboka, tumekitia kwenye nailoni. Karani alikisoma mstari mmoja akakisukuma kaunta: "Hii ni Tanzania, rudini kwenu." Mwaka 1938 Tanzania ilikuwa wapi? Imezaliwa 1964! Kijana huyo hana laini ya simu kwa jina lake, hana leseni ya kuvua, samaki wake huuzwa kwa jina la jirani, na akiona polisi barabarani hugeuza njia katika mji aliozaliwa mama yake.

Na si Wapemba peke yao. Wahindi wa Mombasa waliobaki na pasipoti za Uingereza walifungiwa mlango wa Uingereza mwaka 1968, kisha 1983 wengi wakapewa jina la raia wa Uingereza wa ng'ambo, bila haki ya kuishi Uingereza. Uraia gani huo usio na pa kulala?

Bunge lifute tarehe zote za mwisho na liandike kifungu kimoja: ambaye yeye, mzazi au babu yake alizaliwa popote katika milki ya Sultani, na familia yake ikawa inaishi Pwani Desemba 12, 1963, ni raia wa kuzaliwa. Ushahidi uwe wa chifu, imamu wa msikiti na mwenyekiti wa wavuvi wa bandari husika, wote watatu wakiapa siku moja. Na cheti cha Zanzibar cha kabla ya 1964 kipokelewe kaunta kama kilivyo.

Msomaji wenu,
Kwale